Mikono Dirishani

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini na saba asubuhi, siku ya Jumanne. Nina hakika na dakika hizo kwa sababu saa ya ukutani ya kibanda changu iko juu ya ndoo ya unga, na nilikuwa nimeitazama kuona kama nitafikisha chapati ya sitini kabla ya saa moja, kama kawaida yangu. Dereva mmoja wa bodaboda, mteja wa kila siku, alisimama mbele ya dirisha bila kutoa hela.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mbili au tatu?”

“Samahani mama, toa mkono kwanza.”

“Mkono wa nini?”

“Nauangalia tu.”

Nikautoa. Simu yake ikasogea karibu na kidole gumba changu cha kulia. Akatazama simu, akatazama kidole, akarudi kwenye simu. Kisha nikamsikia akimwita mwenzake aliyekuwa amekaa kwenye pikipiki.

“Njoo uone mwenyewe. Si nilikwambia ndiye?”

Mwenzake akaja, akatazama, akaguna. Nikauliza tena, mbili au tatu. Yule mteja wangu akasema leo ameshiba. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na saba, mtu aliyetoka kitandani na kupanda pikipiki kwenye baridi ya Julai, ameshiba.

Hadi nafunga saa nne na nusu nilikuwa nimeuza chapati ishirini na tatu. Siku ya kawaida nauza mia moja na hamsini.

Kibanda changu kiko Bombambili, hapa Songea, kando ya njia wanayopita watu wa baiskeli na bodaboda wakienda kazini. Nilikijenga kwa mbao na mabati, na dirisha nililipima mwenyewe: upana sentimita arobaini, kimo ishirini na tano, usawa wa kiuno. Nililifanya dogo kwa sababu upepo wetu wa katikati ya mwaka huzima jiko, na kwa sababu mteja akiona ndani huanza kuchagua chapati kwa kidole na foleni husimama. Kutokana na dirisha hilo, wateja wangu hawakuwahi kuniona sura nikiwa kazini. Waliona mikono. Niliwahi kupishana sokoni na mtu niliyemuuzia chapati miaka mitano, akanipita kama mti. Niliponyoosha mkono kulipia nyanya ndipo alipogeuka na kusema, “Kumbe ni wewe, mama chapati!”

Mkono wangu wa kulia haufanani na wa mtu mwingine. Nikiwa na miaka tisa, mchi wa kutwangia mahindi ulinipiga gumba, na kucha ikaota imegawanyika mara mbili, kama kwato ya mbuzi. Watoto wa shule walinicheka kwa kucha hiyo. Ukubwani iligeuka kuwa kibao cha duka langu.

Nilipofunga nilinunua bando, nikafungua simu. Sikuhitaji kutafuta sana, maana ukurasa wenyewe nilikuwa naufuata kwa karibu mwaka mzima. Ulikuwa ukurasa wa daktari wangu wa ngozi. Kwenye picha, mikono yangu miwili ilikuwa juu ya kitambaa cha kijani cha kliniki yake, imepasuka, ina magamba, damu imegandia kwenye viungo vya vidole. Chini yake ameandika: “Mgonjwa wetu huyu ni mpishi. Je, umewahi kujiuliza mikono inayokukandia unga ikoje? Kesho nitawaonyesha ilivyo baada ya matibabu. Usikose.”

Aliiweka Jumatatu saa moja jioni. Watu wengi walikuwa wameandika maoni. Mmoja alisema ametapika. Mwingine alisema hiyo ni fangasi sugu na inaambukiza kwa chakula. Saa tatu na dakika tano mtu akaandika: “Hiki kidole nakijua. Chapati, Bombambili.” Kuanzia hapo picha ikaingia kwenye magrupu ya madereva, na ya akina mama wa vikoba, na ya watu wa ujenzi.

Picha ile ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Jumanne hiyo mikono yangu ilikuwa imepona kabisa. Picha ya “baada” aliiweka jioni ya siku hiyohiyo kama alivyoahidi, lakini nani alikuwa na haja nayo? Waliokuwa wamesambaza ya kwanza hawakurudi kuitazama ya pili.

Lazima niandike haki yake kabla sijaandika kosa lake. Alikuwa daktari hodari. Mimi niliishia darasa la saba, na tangu hapo najisomea. Nimesoma magazeti yaliyofungia dagaa wa Nyasa, nimesoma vikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa, na Kiingereza nilichonacho nimekipata kwa kamusi ya mtumba isiyo na herufi A hadi C. Mikono iliponianza kuwasha na kupasuka nilisoma kila nilichopata, nikapaka kila nilichoambiwa, na kwa miaka miwili hali ikazidi kuwa mbaya. Kisha nikaukuta ukurasa wake. Alikuwa anaeleza kwa Kiswahili safi namna mkorogo unavyokula ngozi ya uso, namna ya kumkinga mtoto mwenye ualbino na jua, kwa nini mapunye ya kichwani hayatoki kwa mafuta ya taa. Nilijifunza kwake mengi bure. Nilipokwenda kumwona alikaa na mikono yangu dakika kumi nzima, akiuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Sabuni gani? Mara ngapi kwa siku? Unamenya vitunguu saumu kwa mkono mtupu? Akaniambia ni pumu ya ngozi, kwamba haiambukizi, kwamba haitoki kwangu kwenda kwa mtu wala kwenye unga. Akanipa dawa ya kupaka na glavu za pamba za kuvaa ndani ya zile za mpira, na akanikataza sabuni ya unga. Baada ya wiki sita nilikuwa na mikono ya msichana.

Ni siku hiyo ya kwanza alipoomba kupiga picha, kwa ajili ya kumbukumbu za matibabu. Dada wa mapokezi alinipa fomu. Nikakaa kwenye benchi nikaisoma yote, mbele na nyuma. Sentensi ya nne ilisema naridhia picha zangu zitumike kwa mafunzo na matangazo ya kliniki. Niliikata kwa mstari mmoja, nikaandika HAPANA pembeni kwa herufi kubwa, nikaweka tarehe na sahihi.

Yule dada alicheka. “Mama, hiyo watu wanasaini tu.”

“Mimi nimesoma kwanza.”

Nikaomba kopi. Akasema mashine haina wino. Nikaichukua fomu hadi stesheneri ya ng'ambo ya barabara, nikatoa kopi kwa shilingi mia, nikamrudishia ya kwake. Akaitupia kwenye trei bila kuiangalia. Yangu ikaenda kwenye faili la kijani, pamoja na risiti.

Sikukimbilia kliniki siku ileile. Kwanza nilipiga picha za skrini, zikawa kumi na nne, kila moja ikionyesha saa. Jumatano nilikwenda mtaa wa Lizaboni kwa kijana mwenye printa, akazichapa. Alhamisi saa nane mchana nilikuwa mbele ya meza ya daktari.

Aliniamkia kwa heshima. Nikamwekea karatasi moja mezani. Akaitazama, akatabasamu kama mtu aliyekwishajibu swali hilo mahali pengine.

“Mama, nimeficha sura. Kitaalamu, picha isiyo na sura haimtambulishi mgonjwa.”

Nikaiweka mikono yote miwili juu ya meza yake, mahali palepale alipoipiga picha.

“Daktari, wateja wangu hawaijui sura yangu. Ungeweka sura, hakuna ambaye angejua ni nani. Umeweka kitu pekee wanachokijua.”

Kisha akachukua simu yake, akaifuta posti mbele ya macho yangu kwa kidole kimoja, kama anayeua mbu. Akasema, basi imekwisha, na akajitolea kunirudishia hela ya kumwona. Nikamwuliza kama anaweza kuifuta pia kwenye simu za madereva wa Bombambili. Akasema hilo liko nje ya uwezo wake. Nikamwuliza kwa nini aliandika mpishi. Hapo ndipo aliponijibu kweli, na ninamshukuru kwa ukweli huo kwa sababu ulinisaidia kumchukia vizuri. Alisema picha ya ngozi peke yake watu huipita. Lazima kuwe na kitu kinachowagusa.

Nilirudi nyumbani nikausoma ukurasa wake upya, kuanzia posti ya mwanzo kabisa. Kazi hiyo ilinichukua jioni nne. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya maelezo matupu, na alama za moyo za waliopendezwa zilikuwa chache, nyingine naamini za ndugu zake. Kisha siku moja aliweka mguu wenye kidonda, na watu wakafurika. Baada ya mguu ukaja mgongo, kichwa cha mtoto, titi. Maelezo yakafupika na vidonda vikaongezeka. Ilikuwa wazi jinsi wafuasi wanavyoweza kumfundisha mtu kazi yake upya bila yeye kujua. Nikalielewa jambo hilo kikamilifu, wala halikunipunguzia chochote.

Wakati huohuo nilifanya kosa, na kosa hilo ni langu. Huku kwetu mtu akisingiziwa uchafu hujitetea kwa maji. Niliweka ndoo ya bomba nje ya dirisha, mbele ya watu, na kila baada ya wateja wawili nilitoka nikanawa hadi kwenye viwiko, kwa sabuni ya unga ileile niliyokatazwa, na asubuhi na mapema kwa maji yenye dawa ya madoa, ili harufu yake ifike barabarani. Nilitaka waone. Glavu nilizivua, kwa sababu mteja mmoja alisema, “Ukiona mpishi kavaa glavu ujue kuna anachoficha.” Wengine wakaja kutazama ninavyonawa, wakaondoka wakiwa na njaa yao. Mmoja akapaza sauti, “Mama, zile za fangasi bei gani? Kuna punguzo?” Wenzake wakacheka hadi pikipiki ikataka kuanguka. Nikamjibu kwamba za fangasi zimekwisha, zimebaki za ukimwi wa akili, na hizo yeye ameshakula nyingi. Wakacheka tena, lakini hawakununua.

Katika wiki ya pili vidole vikaanza kuwasha. Mwanzoni mwa ya tatu ngozi ikapasuka palepale ilipopasuka zamani. Nilikuwa nimeithibitisha picha yake kwa mikono yangu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoandika barua. Niliiandika kwa kalamu, nakala tatu, ukurasa mmoja na nusu. Nilieleza tukio, nikataja fomu, nikataja saa. Nakala ya kwanza niliiandikia baraza linalosimamia madaktari, Dodoma. Ya pili niliiweka kwenye faili. Ya tatu nilimpelekea yeye mwenyewe, pamoja na karatasi ndogo yenye masharti. Aje kwenye kibanda changu asubuhi, saa ya wateja. Aje na simu yake, arushe mubashara kwa wafuasi wake wote. Ale chapati kutoka mkononi mwangu, bila sahani. Aseme ugonjwa wangu ni nini na kwamba hauambukizi. Aisome fomu yangu, sentensi ya nne, pamoja na neno nililoandika pembeni. Akikataa, nakala ya kwanza itapanda basi.

Mume wangu ni fundi mwashi, mtu wa maneno machache. Aliisoma karatasi ile akiwa amesimama, akauliza kwa nini siombi fidia. Nikamwambia hela nitaitafuta mwenyewe. Nataka ale.

Daktari alikuja Jumatano, saa kumi na mbili na nusu, na gari yake ndogo. Yule dada wa mapokezi alibeba taa ya duara na kijiti cha simu. Alipoona dirisha lilivyo dogo alihangaika mahali pa kuweka taa, mwishowe akaishika kwa mkono. Madereva walikuwa wamejaa. Habari walikuwa nayo, kwa sababu niliwaambia mimi: nilimwambia mmoja tu, yule wa kwanza, na nilijua inatosha.

Nikatoa mkono dirishani na chapati ya moto, imekunjwa mara nne. Mkono ulikuwa mbaya siku ile. Mwanga wa taa ulionyesha kila mpasuko. Nilimsikia akivuta pumzi. Akainama, karibu kabisa na dirisha, akasema kwa sauti ya chini ambayo simu isingeinasa, “Mama, umerudia ile sabuni.”

Mkono wangu ulibaki pale.

Akaichukua. Akala. Lazima nikiri, alikula vizuri, bila kukunja uso, akaimaliza yote na kulamba mafuta ya kidole. Kisha akageukia simu akaanza kusema, na alikuwa na kipaji cha kusema. Akaeleza pumu ya ngozi kwa maneno ambayo kila dereva pale aliyaelewa. Akasema ameshika mikono hii mara nyingi bila glavu na yeye ni mzima. Akasema chapati hii inamkumbusha ya mama yake. Watu wakapiga makofi. Ilipofika zamu ya fomu, akaiinua juu, akasema kulikuwa na kutoelewana kidogo kati ya kliniki na mgonjwa kuhusu makaratasi, na kwamba anaomba radhi kama kuna aliyekwazika. Akaishusha.

Kutoelewana kidogo. HAPANA ina herufi sita, na hakuitamka hata moja. Mimi nilikuwa ndani, nimeshika kifimbo cha kusukumia chapati, mafuta yanachemka, na foleni imeanza kujipanga mbele ya dirisha kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na tisa za kazi. Niliuza. Kabla hajaondoka alipitisha mkono dirishani akaweka juu ya ubao mirija miwili ya dawa, ileile iliyoniponya. Hakuwa anarekodi. Niliichukua.

Siku ile niliuza chapati mia moja sitini na nane. Dereva wa kwanza alinunua sita, akaniambia, “Mama, tusameheane, tulikuwa tunafuata simu.” Nikamwambia nimesikia. Kusikia siyo kusamehe, naye hakuuliza zaidi.

Jioni nikafungua ukurasa wake. Video ilikuwa imetazamwa kuliko kitu chochote alichowahi kuweka. Daktari wa watu, waliandika. Daktari mnyenyekevu. Mungu akuzidishie. Wafuasi wapya walikuwa wanaingia huku nikitazama. Na chini ya video, mahali ambapo palipaswa kuwa na sentensi yangu ya nne, palikuwa na namba ya kupanga miadi na maneno haya: “Losheni yetu ya mikono sasa inapatikana. Wahi mapema.”

Nilisoma mara mbili, kama ninavyosoma kila kitu. Mara ya kwanza alitumia mikono yangu migonjwa kuvuta watu. Mara ya pili alitumia kisasi changu.

Mume wangu alinikuta mezani nimetoa nakala ya kwanza kwenye faili na ninapima bahasha.

“Lakini wateja wamerudi,” alisema.

“Wamerudi.”

“Na yeye amekuja, amekula mbele za watu. Umeshashinda, mke wangu. Unataka nini tena?”

Nilifikiri kabla ya kumjibu, kwa sababu alistahili jibu sahihi. Nikamwambia nataka aisome ile sentensi mbele ya mtu ambaye hawezi kumpigia makofi.

Akasema, “Ulimwambia akija huipeleki.”

“Nilimwambia akikataa nitaipeleka. Na sharti la mwisho lilikuwa aisome fomu. Hakusoma.”

“Wewe na mimi tunajua ulichomaanisha.”

Kweli, tulijua. Alhamisi asubuhi, baada ya kufunga kibanda, nilikwenda posta nikaituma kwa rejesta, barua pamoja na kopi ya fomu na zile picha za skrini kumi na nne.

Kwa wiki kadhaa hapakuwa na jibu. Kisha nikapigiwa simu, na baadaye watu wawili wapole wa baraza wakaja hadi Songea, wakakaa sebuleni kwangu, wakaomba kuiona kopi. Niliwapa pamoja na risiti ya shilingi mia ya stesheneri. Mmoja wao aliishika ile risiti akaitazama kwa muda. Alisema katika kazi yake hajawahi kuletewa kitu kama hicho. Baadaye nikasikia kwamba kliniki ilipokaguliwa walikuta fomu nyingi za watu waliosaini bila kusoma, na nyingine za watu ambao hawakusaini kabisa, na picha zao zilikuwa mtandaoni zote. Mguu ule. Titi lile. Daktari alisimamishwa kwa muda. Hakusubiri muda huo uishe. Alifunga kliniki, akauza samani, akahamia pwani. Ukurasa wake upo hadi leo lakini hauna jipya. Posti ya juu kabisa ni yeye akila chapati yangu.

Yule dada wa mapokezi anauza mitumba. Tukikutana hunisalimu kwanza. Namjibu.

Nilikuwa na furaha. Naandika neno hilo bila kulipamba. Kwa miezi miwili nilikanda unga nikiimba, na asiyeamini kwamba kisasi kinaweza kumpa mtu usingizi mzuri hajawahi kukipata kikiwa kimekamilika.

Mirija miwili ya dawa iliisha mwezi Novemba. Mvua zilipoanza, kuni zikawa mbichi, mikono ikawa majini kutwa, na ngozi ikafunguka. Nilikwenda duka la dawa na mrija mtupu. Wakaniambia hiyo hawana, na hata wangekuwa nayo wasingenipa bila cheti cha daktari wa ngozi. Nikauliza yuko wapi daktari wa ngozi. Yule muuza dawa akanitazama kwenye gumba, akasema taratibu, “Mama, wewe si ndiye unayejua?”

Tangu hapo nakwenda Mbeya. Nalala usiku mmoja, kibanda kinafungwa siku mbili.

Mwezi wa pili mwaka huu, asubuhi yenye ukungu, mkono usio wa Bombambili uliingia dirishani na noti ya elfu mbili. Ulikuwa mweusi kwa utomvu wa tumbaku, na kuanzia kifundo hadi kwenye kiwiko ulikuwa umevimba na kutoka malengelenge, mengine yamepasuka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Ngapi?”

“Mbili. Alhamdulillahi, nimefika.” Nikamsikia akicheka kwa uchovu. “Kucha hiyo naijua. Wewe ndiye mama wa kwenye video ya daktari.”

Nikasema ndiyo.

Alitoka Namtumbo na gari la kwanza. Alisema wakulima wenzake wanne wana vidonda kama hivyo, wamemtanguliza yeye aone kama ni kweli. Walimwangalia daktari kwenye simu ya jirani, alivyokula bila kinyaa, wakasema huyu hatatudharau. Alipiga namba iliyoandikwa pale lakini haipokelewi, kwa hiyo alikuja kutafuta dirisha, akijua mwenye dirisha atamwelekeza. Aliyasema hayo yote huku mkono wake ukiwa bado ndani, kiganja juu, akisubiri chenji na jibu.

Niliuangalia mkono ule kama yeye na wengine walivyouangalia wangu. Nikamwambia asiuoshe kwa sabuni ya unga. Nikamwambia aende hospitali ya mkoa, awaulize ni lini daktari wa ngozi hupita kutoka nje, na asiporidhika aende Mbeya, nikamwandikia kwenye kipande cha boksi jina la mtaa na mahali basi linaposhusha. Akasema Mbeya ni mbali, na tumbaku iko shambani inasubiri kuchumwa. Nikasema najua.

“Kwani huyu wa kwetu kaenda wapi?”

“Alihama.”

“Nani alimhamisha?”

Ilikuwa njia yake tu ya kuuliza. Nilifunga chapati nne badala ya mbili, nikamrudishia noti yake nzima. Mkono ukatoka, ukaacha alama nyeusi kwenye ubao, na foleni ikasogea.

Jioni ile nilichukua daftari nikafanya hesabu ambayo nilikuwa nimeiahirisha. Faida yangu kwa chapati moja ni shilingi mia mbili. Katika zile siku kumi na tisa, chapati 1,940 hazikuuzwa: shilingi 388,000. Hiyo niliiandika chini ya jina la daktari. Upande wangu niliandika rejesta, uchapaji na kopi, 14,500. Safari tatu za Mbeya, nauli na malazi, 255,000. Siku sita kibanda kimefungwa kwa ajili ya safari hizo, 180,000. Upande wake 388,000, upande wangu 449,500. Nilirudia kujumlisha kutoka chini kwenda juu nikidhani nimekosea.

Sikukosea. Na kama angeweka picha ile tena kesho, saa moja jioni, ningenunua bahasha nyingine. Lakini mimi sifichi tarakimu hata zikiwa dhidi yangu, kwa hiyo nimepiga mstari chini ya pande zote mbili na kuandika jumla ya kilichopotea: shilingi 837,500.